Tunapika Sabuni ya Majivu Kama ya Ulaya ya Kale

Habari zenu wapendwa, karibuni tena uani kwangu. Wateja wangu wananiuliza sana: hivi watu wa zamani, kabla ya viwanda, walifulia nini? Leo tunapika sabuni ya majivu, ile laini iliyotumika Ulaya ya kaskazini tangu zama za kati.

Vifaa. Majivu ya kuni ngumu, yaliyochekechwa. Mimi nachanganya na majivu ya maganda ya ndizi, yana nguvu kweli. Chokaa iliyozimwa, isiyotiwa gundi wala rangi. Maji ya mvua. Shahamu ya ng'ombe kilo 1 kutoka buchani. Kuyeyusha na kuchuja mnajua, nimeshamaliza.

Sasa sufuria, nisikilizeni vizuri. Usitumie sufuria ya alumini. Najua ndizo zimejaa majikoni kwetu, lakini maji haya ya majivu yanaila alumini, inatoa povu na gesi inayoshika moto. Tumia ya chuma au ya stili. Na vaa glovu na miwani kabla ya kugusa chochote.

Twende. Ndoo hii imetobolewa chini. Nyasi kavu kwanza, kitambaa juu yake, halafu majivu vikombe 6 kwa kikombe 1 cha chokaa, mpaka ndoo ikaribie kujaa. Chokaa ndiyo inayoyapa maji ya majivu ukali wa kushika mafuta. Mafundi wa Nablus kule Palestina nao walichanganya majivu ya mimea na chokaa hivihivi, ila mafuta yao yalikuwa ya zeituni. Mimina maji polepole, kinga chini kwa ndoo ya plastiki. Yanayotoka ni ya kahawia na yanateleza. Usiyaguse kujua kama yanateleza! Niamini tu.

Hapa ndipo penye kazi: kupima ukali. Wapikaji wa zamani walipima kwa yai. Chukua yai bichi, literemshe kwa kijiko. Tazameni, nasogeza kamera... linaelea, na sehemu inayochungulia juu ni ukubwa wa sarafu ya shilingi 100. Hapo ni sawasawa. Likizama, maji ni mepesi, yapitishe kwenye majivu mapya. Likilala ubavu juu kabisa, ni makali mno, ongeza maji ya mvua. Usikisie kwa macho. Rangi inadanganya, pima kwa yai. Na yai hilo halipikwi tena, litupe.

Shahamu iko motoni, moto mdogo. Sasa natia maji ya majivu, upawa mmoja, nakoroga kwa mwiko wa mti. Mwingine. Usimwage yote kwa pamoja. Subiri, mvuke umeziba kioo cha kamera... haya. Oh, inapanda, inapanda! Toa kuni, toa kuni! Mmeona? Sabuni ikichemka inafura ghafla, kwa hiyo sufuria isizidi nusu. Nasema tena, isizidi nusu.

Ikikurukia kwenye ngozi, osha kwa maji mengi yanayotiririka, usianze kutafuta siki. Ikiingia jichoni, osha hivyohivyo bila kuacha, na mtu akupeleke hospitali.

Hapa ni kukoroga kwa saa kadhaa, tuongee. Inaniuma nikisikia watu wa zama za kati walikuwa hawaogi. Orodha ya kodi ya Paris ya mwaka 1292 inataja nyumba za kuogea 26! Watu waliingia kwenye mvuke na maji moto kwa kulipia. Baadaye ndipo zilipopungua. Erasmus, msomi na mwandishi wa Uholanzi, aliandika mwaka 1526 kwamba miaka 25 nyuma bafu za umma zilipendwa sana Brabant, jimbo lililoko Ubelgiji na Uholanzi za leo, na sasa zimepoa, maana ugonjwa mpya umewafundisha watu kuziepuka. Ni kaswende hiyo. Tauni nayo ilitia hofu, waganga wakisema maji moto yanafungua vinyweleo na ugonjwa unapenya mwilini.

Usafi haukufa, ulihamia kwenye nguo. Shati la kitani linalogusa ngozi ndilo lililobeba jasho, ukibadilisha shati umejisafisha. Fikiria kazi ya wafuaji! Nguo zinapangwa kwenye pipa, majivu juu ya kitambaa, maji moto yanapita, yanakingwa chini, yanachemshwa, yanamiminwa tena. Kisha zinatandazwa majanini, jua lizing'arishe. Mchoraji Jacob van Ruisdael alichora viwanja hivyo nje ya mji wa Haarlem, Uholanzi, karne ya 17, vitambaa vyeupe vimelala shambani. Nikiitazama picha ile namwazia aliyevitandaza, mikono yake ilivyochubuka.

Haya, imekuwa nzito kama uji wa ulezi. Dondosha tone kwenye sahani baridi, sogeeni. Hili limezungukwa na duara la mafuta, bado linadai maji ya majivu. Naongeza upawa mmoja, nakoroga... Tone la pili: angavu, limeshikana, halina duara. Imeiva. Tone likifunikwa na utando wa kijivu, umezidisha ukali, rudisha shahamu kidogo. Fanya kipimo hiki kila unapoongeza, kila mara.

Haitaganda iwe mche, msishangae. Majivu ya kuni yanatoa sabuni laini. Ile ngumu ya Castile kule Hispania na Marseille kule Ufaransa ilitokana na majivu ya mimea ya chumvichumvi ya pwani, pamoja na mafuta ya zeituni. Marseille walikuwa wakali: amri ya mfalme Louis XIV ya mwaka 1688 ilikataza mafuta mengine yoyote. Mimi kwa mashuka naipenda zaidi hii laini, inayeyuka upesi.

Ipoe, itie kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko, iache wiki kadhaa itulie. Ni ya kufulia na kusugulia sakafu. Usoni hapana, mtoto mchanga hapana kabisa. Wa Moshi na Arusha, makopo ya nusu kilo yapo tayari. Wa mikoani andikeni hapo chini, nitawatumia kwa basi.