Umemaliza Kitabu, Sasa Tuambie

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya kikundi cha wasomaji, Dar es Salaam)

Mwenyekiti, wazee wangu mliofika, ndugu zangu wasomaji, habari za jioni. Nimepewa nusu saa, halafu duara linaanza na kila mmoja atatueleza kitabu alichokimaliza karibuni. Sitaki kula muda wa duara, maana najua ndilo lililowatoa nyumbani.

Kuna sentensi moja nina hakika tutaisikia leo tusipojihadhari. Inasema: “Kwa ujumla mwandishi amefaulu kwa kiasi kikubwa, kifani na kimaudhui.” (Kicheko.) Mnacheka kwa sababu mnaijua. Tuliosoma Tanzania tumeiandika kwenye karatasi za mtihani, na wapo walioiandika juu ya kitabu ambacho hata jalada lake hawakulifungua. Walisoma mwongozo. Wenzetu wa Kenya nao wana yao: “Fafanua muktadha wa dondoo hili.” Sasa mtu ana miaka arobaini, ana watoto, amenunua riwaya kwa hela yake na kuisoma usiku kwa hiari yake. Ukimuuliza imekuwaje, anakujibu kama mtu anayesubiri alama ishirini.

Walimu siwalaumu. Mwalimu mwenye madaftari mia mbili mezani anahitaji majibu yanayosahihishika, na dhamira, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha ni vitu vinavyosahihishika. Ila shule tumemaliza. Hapa hakuna anayetoa alama. Mwenzako anakuuliza kitabu kimekuwaje kwa sababu anataka kujua kama akitafute, au kwa sababu naye amekisoma na ana jambo linamkereketa.

Kwa hiyo nina ombi moja tu. Ukisema neno juu ya kitabu, tupeleke mahali ndani ya kitabu. “Nilikipenda” peke yake haina pa kushikia. “Hakikunivutia” vilevile. Tuonyeshe pale uliposoma mpaka ubwabwa ukaungua jikoni, au pale ulipokifunga ukaenda kulala. Ukishatupeleka pale, hata tukikukatalia tutakuwa tunakatalia kitu tunachokiona sote.

Nichukue mfano ambao wengi wenu mna maoni nao tayari. Rosa Mistika. Ni riwaya ya kwanza ya Euphrase Kezilahabi, ilitoka mwaka 1971, na sehemu yake kubwa iko kwao mwandishi, Ukerewe. Mnajua kwamba ilipotoka ilikatazwa mashuleni. Miaka ikapita, ikaruhusiwa, mpaka ikaingia kwenye orodha ya vitabu vya kufundishia. Maneno ya ndani ni yaleyale, hayakubadilishwa. Waliobadilika ni wasomaji. Ningetoa pesa nzuri kuwasikia wale waliokikataza wakieleza ni ukurasa gani uliowatia hofu.

Sasa iwekeni Rosa Mistika katikati ya duara lolote, muone. Ndani ya dakika tano watu wamegawanyika. Huku wanasema kosa ni la Zakaria, baba mlevi, mkali kupita kiasi, aliyemfungia binti nyumbani mpaka alipotoka akawa hajui kusimama. Kule wanasema Rosa alikwenda chuo akiwa mtu mzima, alijua anachofanya, tuache kuwatwisha wazazi kila kitu. Dakika ya sita kitabu kimeshaachwa. Tunazungumzia binti wa jirani, tunazungumzia simu za watoto, mzee mmoja anaeleza alivyolea wa kwake. Mazungumzo hayo ni mazuri, mimi mwenyewe nayapenda, lakini Rosa hayumo tena.

Anayesema ni malezi aturudishe kwenye barua. Rosa anapigwa na baba yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Soma kile kipigo polepole. Angalia nani yuko pale na nani anafanya nini. Halafu tuambie kama ndipo mambo yote yalipoanzia, au kama unadhani mwandishi ametuwekea kipigo kile mapema ili tupate mtu wa kumlaumu upesi. Na wewe unayesema Rosa abebe makosa yake mwenyewe, una hoja nzito ambayo sijaisikia ikitumiwa vizuri: Rosa hakukua peke yake kwenye nyumba ile. Ana wadogo zake, baba ni huyohuyo, fimbo ni hiyohiyo. Wao wameishia wapi? Rudini mkaangalie, kila mmoja wao, kabla hamjatoa hukumu. Mwandishi mwenyewe hakuwa na haraka nayo. Mwishoni anawachukua baba na binti anawapeleka mbele ya Mungu, na hata huko wanalaumiana. (Naona wengine mmekunja uso kwa kuwa nimetaja mwisho. Kitabu kina zaidi ya miaka hamsini, sitaomba radhi.)

Nina nakala ya kitabu hicho niliyoinunua kwa wauza vitabu vilivyotumika, wale wanaovipanga chini kando ya barabara. Ilishapita mikononi mwa wanafunzi. Pembeni mwa kurasa kuna wino wa bluu wa mtu mmoja mwenye mwandiko mzuri sana: “malezi”, “nafasi ya mwanamke”, “tashibiha”, “tashibiha tena”. Kila tamathali ya usemi imekamatwa na kupigiwa mstari. Nilikuwa nafungua tu bila kuyasoma yale maandishi mpaka nilipokuta penseli. Ni mwandiko mwingine, wa haraka, umelala upande, na umeandika maneno matatu tu: “Na Regina je?” Regina ni mke wa Zakaria, mama yake Rosa. Ukurasa ule ulikuwa wa baba na binti, na huyu msomaji wa penseli alikuwa anamtazama mtu wa tatu.

Mnajua maneno yale yalinifanya nini? Yalinirudisha mwanzo wa kitabu. Nikakisoma upya nikimfuata Regina: anavumilia nini, anasema lini, ananyamaza lini, na uvumilivu wake unawafundisha nini mabinti waliokuwa wanamtazama kila siku. Mwenye wino wa bluu nadhani alifaulu mtihani, na alistahili. Lakini mwenye penseli ndiye ningependa akae karibu yangu kwenye duara.

Nigusie sasa jambo la heshima, maana linatubana sana waswahili. Siku moja kijana alisema kwenye kikao cha wasomaji kwamba amemaliza Kusadikika na kwamba kimemchosha, kimejaa mahubiri. Mzee mmoja akakasirika waziwazi. “Huyo ni Shaaban Robert unayemsema!” Kijana akanywea, na kikao kikahamia kitabu kingine. Pande zote mbili zilipoteza. Kijana hakusema ni wapi alipochoka, na mzee alitaja jina la mwandishi kana kwamba jina ni jibu.

Kijana angeweza kusema hivi: Karama, mhusika mkuu, ameshtakiwa, amesimama barazani, na anajitetea kwa visa vya wajumbe waliotumwa, mmoja baada ya mwingine, sita. Kila mjumbe anakwenda, anateseka, anarudi na jambo jema, anatupwa kifungoni. Ukifika wa nne unajua kitakachomkuta. Hayo ni maoni, tena ya kweli, na yana anwani. Mzee naye angeweza kumjibu kwa kitabu chenyewe: mwanangu, kilichapishwa mwaka 1951, Tanganyika iko chini ya Mwingereza, na mtu anaandika juu ya nchi ambayo watawala wake hawataki kusikia shauri lolote. Kaiweka nchi yenyewe angani ili asishikwe. Huko kurudiarudia wajumbe sita, labda ndiko kulikokuwa kusudi, msomaji wa wakati ule achoke na watawala wa Kusadikika mpaka atazame waliokuwa karibu naye. Kijana angekubali? Pengine asingekubali. Mimi mwenyewe naona hotuba za barazani ni ndefu mno. Lakini wote wawili wangeondoka na kitu.

Tusidhani ubishi wa namna hiyo ni mgeni kwetu. Kichomi, diwani ya huyohuyo Kezilahabi, ilipotoka mwaka 1974 wapenzi wa ushairi walivurugana kwelikweli. Haya ni mashairi gani, hayana vina wala mizani? Ubishi uliendelea miaka, na ulikuwa mkali, ila nausifu kwa jambo moja: kila upande ulikuwa na pa kunyooshea kidole. Huyu anaonyesha ubeti, anasema tazama, hapa hapana kina. Yule anaonyesha ubeti uleule, anasema tazama picha hii, kina kingeiua. Walikuwa wanabishana juu ya karatasi iliyo mbele yao.

Kuna aibu nyingine, na hii iko upande wa pili. Wangapi humu wamesoma vitabu vya Elvis Musiba? (Mikono.) Sasa wangapi wangekuja kwenye duara waseme wamekimaliza jana na wamekipenda? (Kicheko.) Mmeona mikono ilivyoshuka. Willy Gamba, yule mpelelezi wake, mmemsoma mkiwa mmejifunika shuka, na Joram Kiango wa Ben Mtobwa hivyohivyo, halafu mbele za watu mnataja vitabu vya chuo. Wasomi waliviita “riwaya pendwa”, na jina hilo limebaki na harufu ya dharau, kana kwamba kupendwa ni kasoro.

Mimi nasema vileteni. Ila msivilete kwa huruma, kwamba “ni vya kujiburudisha tu”. Vipimeni kwa kazi vinayoifanya. Kitabu cha upelelezi kinaahidi kwamba kila kilichofichwa kitafichuka na kwamba ulipewa nafasi ya kukiona mapema. Je, mwandishi alitimiza? Ule ushahidi wa mwishoni ulikuwepo tangu sura ya pili, au umeletwa kutoka hewani? Ukirudi nyuma kukagua, tayari wewe ni mhakiki, bila kutaja fani wala maudhui. Na hapo kwenye upelelezi, tafadhali, sheria ya kutomalizia mtu uhondo ishikwe. Ukimtajia mtu muuaji katika kisa cha Bwana Msa, yule mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, umemwibia usiku mzima.

Halafu kuna neno ambalo watu wanaliogopa kuliko yote: “Sikuelewa.” Nagona, kitabu kingine cha Kezilahabi, kimewashinda wengi. Kilitoka mwaka 1990, ni kijitabu chembamba, unakiona unasema hiki nitakimaliza kwa mchana mmoja. Unaingia, hadithi uliyoizoea haipo, kuna mtu anatafuta kitu, kuna mji, kuna sauti, na huna hakika kama ni ndoto au ni wazimu. Ninachokiona mara nyingi ni kwamba msomaji aliyepotea humo anakuja kwenye duara na maneno mazito aliyoyaokota kwa wahakiki, “udhanaishi”, “falsafa ya mwandishi”, na sisi wengine tunatikisa vichwa kwa kuwa nasi tulipotea. Heri aseme: nilikuwa nafuata vizuri mpaka ukurasa fulani, hapa, baada ya mstari huu, sikujua tena nani anasema. Mwingine atasema: hata mimi, palepale. Wa tatu atasema: mimi nilipita, nilidhani anayesema ni fulani. Hapo ndipo kazi inaanza, na imeanzishwa na mtu aliyekubali kuonekana hajui.

Jambo dogo kuhusu filamu. Vuta n'kuvute ya Adam Shafi imekuwa filamu tangu 2021, na kwa hiyo siku hizi mtu anaweza kuwa na maoni makali juu ya Yasmin na Denge bila kugusa riwaya ya 1999. Filamu itazameni, ina uzuri wake. Ila ukija kusema umemaliza kitabu, tutakuuliza mambo ya kitabu, na utajulikana.

Wapo pia wanaoniuliza kama watoe maoni papo hapo au wasubiri. Inategemea kitabu. Kwa vingi, maneno ya usiku uleule yana moto ambao hayataupata tena, nami ningependa kuyasikia kabla hujayapiga pasi. Kwa vichache, vile vinavyokukasirisha, kaa nacho wiki. Mara nyingi hasira ikishuka unakuta ulikasirishwa na mhusika, na mwandishi ndiye aliyekuwa anataka ukasirike.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Duara lianzie kushoto kwangu, kila mtu awe na kitabu chake mkononi kama anacho, na kama ni cha kuazima na mwenyewe amekidai, basi angalau awe ameandika namba ya ukurasa mahali. Atakayesema kitabu ni kizuri tutamwambia afungue. Na yule mama wa mstari wa nyuma, naona mkono wako umekuwa juu tangu nilipomtaja Zakaria. Karibu mama, anza wewe. Ukurasa wa ngapi?