Likilia la Mgambo: ATM na DNA Iliyokatika

BARAKA: Karibuni kwenye kipindi. Mimi ni Baraka, niko na dada Zuhura, mwalimu wa baiolojia ya molekuli. Leo niende moja kwa moja. Mgonjwa wa saratani analala chini ya mashine ya mionzi, tuseme pale hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Dozi ya siku moja kwa kawaida ni kama greyi 2, greyi ikiwa kipimo cha mionzi inayofyonzwa na mwili. Ndani ya seli zake kunatokea nini?

ZUHURA: DNA inakatika. Kila greyi moja huacha mipasuko kati ya 30 na 40 katika seli moja, na ninasema ule mpasuko mbaya wa nyuzi zote mbili kwa pamoja. Kwa dozi ya siku hiyo unafikia 60, hata 80. Uzi mmoja ukikatika si tatizo kubwa, maana wa pili unashikilia na seli inanakili kutoka humo. Zikikatika zote mbili, ncha zinaachana, na ncha inayoelea peke yake inaweza kuungwa na kromosomu isiyo yake. Hapo umeshapanda mbegu ya saratani nyingine.

BARAKA: Sasa seli inajuaje? DNA ya seli moja ina herufi kama bilioni 6, na mpasuko uko sehemu moja tu.

ZUHURA: Waswahili husema la mgambo likilia kuna jambo. Kwenye seli, anayepuliza hilo baragumu ni protini inayoitwa ATM. Ni kubwa kweli, ina asidi amino 3,056. Kiaina ni kinasi, yaani kimeng'enya chenye kazi moja: kuchukua fosfeti, kikundi kidogo cha fosforasi na oksijeni, kutoka kwenye ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, na kuibandika juu ya protini nyingine.

BARAKA: Basi? Fosfeti tu?

ZUHURA: Fosfeti tu, lakini usiidharau. Ina chaji hasi nyingi, kwa hiyo protini iliyobandikwa hubadili umbo, au inapata mshirika ambaye zamani asingeishika, au inaachana na aliyekuwa ameing'ang'ania. Jambo ninalolipenda mimi ni kwamba ATM haitengenezwi baada ya ajali. Ipo kwenye kiini cha seli muda wote, imelala. Seli ingesubiri kusoma jeni, kisha kutengeneza protini, ingekuwa imechelewa.

BARAKA: Imelalaje?

ZUHURA: Wawili wawili, wamekumbatiana, kila mmoja ameziba sehemu ya kazi ya mwenzake. Mwaka 2003 Christopher Bakkenist na Michael Kastan, wakiwa hospitali ya utafiti ya St. Jude kule Memphis, Marekani, walionyesha kinachofuata. Walizipa seli za binadamu nusu greyi tu. Hiyo ni mipasuko kama 18 kwa seli. Ndani ya dakika 15, zaidi ya nusu ya ATM yote ilikuwa imebandikwa fosfeti mahali panapoitwa serini 1981, yaani asidi amino ya 1981 katika mnyororo wake, ya aina ya serini. Wale wawili hubandikana wenyewe kwa wenyewe, wakaachana, na kila mmoja akawa huru kufanya kazi.

BARAKA: Ngoja kidogo. Mipasuko 18 inaamshaje ATM zilizotapakaa kiini kizima? Haziwezi zote kuwa zimegusa mpasuko.

ZUHURA: Ndilo swali walilojiuliza. Wakajaribu kulegeza namna DNA ilivyofungwa bila kuikata, na mojawapo ya walichotumia ni klorokwini.

BARAKA: Klorokwini hii ya malaria?

ZUHURA: Hiyohiyo, ile chungu tuliyomeza Tanzania mpaka ilipoondolewa kwenye matibabu ya kwanza mwaka 2001. Lakini hapa ni seli kwenye sahani ya maabara, msikilizaji asianze kuogopa vidonge alivyomeza utotoni. Klorokwini ikalegeza ufungaji, na ATM ikaamka bila mpasuko kuonekana. Wakapendekeza kwamba DNA ikikatika, mkao wa kromosomu unabadilika hadi mbali na jeraha, na ATM inauhisi mbadiliko huo.

BARAKA: Na wote wakakubali?

ZUHURA: Hapana, na ni vizuri hawakukubali. Maabara ya Tanya Paull kule Texas ilichanganya ATM safi na kundi la protini tatu, Mre11, Rad50 na Nbs1, tunaloliita MRN. MRN hushika ncha zilizokatika, huivuta ATM hadi pale na kuiwasha. Halafu mwaka 2006 wakaja panya waliobadilishwa jeni, ile serini yao inayolingana na 1981 haipo kabisa, na ATM yao inafanya kazi vizuri tu. Kwa hiyo kwa panya alama ile si ufunguo. Kwa maoni yangu MRN ndiyo yenye ushahidi mzito zaidi kwa mpasuko wenyewe. Na kuna mlango mwingine kabisa: mwaka 2010 ikaonekana kwamba msongo wa oksidi, yaani molekuli kali za oksijeni zinapozidi kwenye seli, huiwasha ATM moja kwa moja, bila DNA kukatika. Wawili wale wanabaki pamoja, wamefungwa kwa salfa.

BARAKA: Sawa, imeamka. Inafanya nini?

ZUHURA: Kwanza inaweka alama mahali pa jeraha. DNA imezungushiwa protini za histoni, na aina moja, H2AX, inabandikwa fosfeti kwenye serini 139. Alama inaenea herufi milioni moja na zaidi pembeni mwa mpasuko. Ukipaka kingamwili zenye rangi ya kung'aa, unaona vitone kwenye darubini, karibu kila kitone mpasuko mmoja. Unaweza kuvihesabu. Ukirudi baada ya saa kadhaa vimepungua, seli inajitibu mbele ya macho yako.

BARAKA: Kwa hiyo ATM yenyewe haishoni kitu.

ZUHURA: Haishoni. Inaita mafundi, na inasimamisha shughuli. Inaiwasha kinasi nyingine, Chk2. Inamgusa p53, protini inayoilinda seli isigeuke saratani, kwenye serini 15, na papo hapo inamgusa MDM2, protini ambayo siku zote humpeleka p53 kuvunjwavunjwa. p53 anaongezeka, jeni ya p21, protini ya breki, inasomwa, na seli haiingii kwenye kunakili DNA. Jeraha likizidi uwezo, p53 huyohuyo anaweza kuipeleka seli kwenye kifo chake. Mwaka 2007 kundi la Stephen Elledge liliorodhesha protini zaidi ya 700 zinazobandikwa fosfeti na ATM na ndugu yake ATR, kinasi inayofanana nayo, baada ya mionzi.

BARAKA: Na mtu asiye na ATM?

ZUHURA: Huo ni ugonjwa wa ataksia telanjiektasia. Mtoto anaanza kutembea kwa wakati, halafu anayumba. Sehemu ya nyuma ya ubongo inayopanga mwendo inaharibika pole pole, na wengi wanahitaji kiti cha magurudumu wakifika miaka kumi hivi. Mishipa midogo myekundu inaonekana kwenye weupe wa macho. Kinga inapungua, na saratani za damu na za tezi za limfu huwapata mapema. Jeni ilipatikana mwaka 1995 na kundi la Yosef Shiloh wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv, na ATM ikapata jina kutokana na ugonjwa huo.

BARAKA: Akipata saratani, anapigwa mionzi?

ZUHURA: Hapo ndipo moyo unauma. Katika miaka ya 1960 watoto hawa walipewa dozi za kawaida na wakaungua vibaya mno. Mwaka 1975 seli zao zilijaribiwa maabara, zikafa kwa dozi ambazo za wengine huzistahimili. Kwa hiyo mtoto anayeyumba na ana macho mekundu ya namna hiyo, daktari lazima alifikirie hili kabla ya mionzi ya matibabu, na apunguze hata picha za eksirei na CT zisizo za lazima. Mama yake naye aelezwe: mwanamke mwenye nakala moja mbovu ya jeni hii hana ugonjwa huo, ila hatari yake ya saratani ya matiti ni kama mara mbili ya wengine.

BARAKA: Lakini dada, kama seli isiyo na ATM inakufa kwa mionzi kidogo, si tuizime ATM ndani ya uvimbe?

ZUHURA: Ndivyo wanavyofanya sasa. Dawa za kuzuia ATM zinajaribiwa kwa wagonjwa pamoja na mionzi, hasa kwa uvimbe wa ubongo. Kazi kubwa ni kuhakikisha seli zenye afya zilizo jirani hazipati yale yaliyowapata watoto wale.

BARAKA: Ndugu ATR tumemtaja tu. Wiki ijayo tumpe kipindi chake.

ZUHURA: Tumpe. Yeye anahisi uzi mmoja uliobaki wazi, na hadithi yake ni tofauti kabisa.