Bodi Moja, Gemu Nyingine: mhadhara kwa mafundi wa Mtwara

Haya jamani tuanze, Mtwara kuchele! Mliosimama mlangoni ingieni, viti vipo huku mbele, feni ni mbili tu kwa iyo tutabanana hivohivo. Nawashukuru mafundi wa simu na redio mliofunga meza zenu mapema leo kuja kusikiliza habari za mashine za gemu za miaka ya themanini, najua wapo wanaosema huyu mzee kakosa kazi. Nazungumzia zile mashine ndefu za kabati la mbao, ndani kuna TV ya kichogo, mbele fimbo na vitufe, unatumbukiza sarafu unacheza. Sio dubwi eh! Dubwi ni kamari, hii unacheza mwenyewe mpaka ufe.

Jambo langu leo ni moja tu. Bodi ya gemu ya zamani, yaani ile sahani ya saketi na chipu iliyo ndani ya kabati, unaweza kuigeuza ikacheza gemu nyingine, ila inakubali ndugu yake, haikubali kila mtu, na kazi yenyewe ni kuujua huo ukoo kabla hujawasha pasi ya kuchomelea.

Tuchukue Pac-Man, ya kampuni ya Namco ya Japani, 1980, hata ambaye hajawahi kuicheza anaijua ile duara ya njano inayokula vidoti. Prosesa ni Z80 inakwenda megahezi 3.072. Programu yote ni kilobaiti 16, zimegawanywa kwenye chipu nne za kilobaiti nne nne, picha ziko kwenye chipu mbili nyingine, afu rangi zipo kwenye vichipu viwili vidogo kabisa. Basi, hiyo ndo gemu iliyotikisa dunia, picha moja uliyopiga na simu yako sasa hivi inaimeza mara mia. Sasa mtu akiona chipu zimekaa kwenye soketi anasema aah rahisi, nachomoa hizi naweka za gemu nyingine, kama kaseti kwenye redio. Hapana bana. Kaseti haijui redio imetengenezwaje, lakini programu ya gemu inaijua bodi yake nje ndani, inajua skrini iko anwani gani, yaani namba gani ya mahali kwenye memori, sauti anwani gani, sarafu ikiingia asome wapi.

Mfano mzuri ni Galaxian ya 1979, Namco haohao, Z80 ileile, spidi ileile 3.072. Ukiangalia juujuu utasema hawa mapacha. Ila Pac-Man anachora skrini kuanzia anwani 4000 kwa hesabu ya heksa, ile ya kompyuta yenye tarakimu 16, Galaxian anachora kuanzia 5000, kwa iyo ukichomeka chipu za huyu kwa yule programu inaandika mahali ambapo sio skrini, unabaki na skrini ya matakataka, afu kila baada ya muda mfupi bodi inajirestati yenyewe. Kujirestati huko sio ugonjwa, kuna saketi ya mlinzi, programu isipomgusa kila mara anajua mambo yameharibika anaizima na kuiwasha upya. Fundi asiyejua hilo anaanza kubadilisha kapasita bodi nzima, hela ya mteja inaisha na skrini bado takataka. Na bado kuna watu enzi hizo walikaa wakabadilisha anwani moja moja ndani ya programu mpaka Pac-Man ikacheza kwenye bodi za Galaxian, tena nyingi tu za magendo zilitoka hivo. Kwa iyo ndugu wa mbali anaweza kuingia, ila mtu lazima akae aandike upya.

Kwa nini walihangaika? Hela. Mwenye mashine kanunua kabati kwa bei kubwa, watoto wakishaijua gemu hawatumbukizi tena. Wenye mabanda ya PS hapa mnanielewa, msimu wa korosho banda linajaa, msimu ukiisha unabaki wewe na feni. Kule Marekani vijana wa chuo cha MIT, Doug Macrae na Kevin Curran, walikuwa na mashine za Missile Command, gemu ya kampuni ya Atari, zikaanza kudorora, wakatengeneza kibodi, yaani bodi ndogo, cha kuongezea juu ya bodi ya Atari ili gemu iwe ngumu zaidi, wakakiuza. Atari wakawashtaki, 1981 hiyo, mwisho wakapatana na wale vijana wakaanza kuwatengenezea Atari gemu, sharti vibodi vya kuongezea wasiuze tena bila ruhusa ya mwenye gemu. Mfukoni walikuwa na kibodi kingine cha Pac-Man, wakakipeleka kwa kampuni ya Midway waliokuwa na Pac-Man pale Marekani, na ndo kikawa Ms. Pac-Man ya 1982. Yaani gemu kubwa vile ilizaliwa kama uchakachuaji! Ukifungua bodi ya Ms. Pac-Man utakuta ni bodi ya Pac-Man, Z80 imetolewa kwenye soketi yake, pale pameingia waya mpana unaokwenda kwenye kibodi kidogo chenye Z80 na chipu tatu za ziada, na chipu za picha zimebadilishwa. Hakuna njia ya umeme iliyokatwa kwenye bodi. Mimi huo ndo ufundi ninaouheshimu, kwa sababu kesho ukitaka Pac-Man yako unairudisha ilivyokuwa.

Nintendo nao mnajua hadithi yao? 1980 walitoa Radar Scope, wakapeleka Marekani kama mashine 3,000, ikauzika kama elfu moja tu, zingine zikalala stoo. Akapewa kijana Shigeru Miyamoto kazi ya kutengeneza gemu mpya itakayoingia kwenye mashine hizohizo, ikatoka Donkey Kong, 1981, mashine zikafunguliwa zikageuzwa. Leo Radar Scope nzima ni adimu na wapo wanaolia kwamba urithi umeharibiwa. Mimi silii, zingebaki vile zingeishia jalalani.

Sasa vifaa. Chipu hizi za kuhifadhi programu ni EPROM, zile za kidirisha cha kioo mgongoni, unazifuta kwa taa ya UV dakika 15 mpaka 20. Kile kidirisha kibandike stika, jua la moja kwa moja linaweza kuifuta kwa kama wiki moja, na jua la hapa mnalijua. Za kilobaiti mbili ni 2716, za nne ni 2732, na hapa ndo wengi mtakwama: ile programa, kifaa cha kuandikia chipu, ya Kichina ya TL866II mnayoagiza inatoa volti 18 mwisho, wakati hizi za zamani zinataka 25 kuandika. Kusoma itasoma fresh, kuandika haitaweza, utaona erori utasema chipu mbovu kumbe programa haina nguvu. Kwa 2716 dawa ni 28C16, miguu inakaa palepale, unaandika kwa volti 5, taa ya UV huihitaji. Afu kabla ya kuandika chochote soma chipu zote zilizopo uweke kopi, na ulinganishe na kumbukumbu za MAME, ile programu ya kuchezea gemu hizi za zamani kwenye kompyuta aliyoianza Nicola Salmoria 1997, humo mna ramani za anwani za maelfu ya bodi. Ukoo wote umeandikwa mle, bure.

Kijana wa kofia, uliza. ... Anasema mbona kuna bodi unachomeka kwenye kabati lolote inacheza. Sawa kabisa, hizo ni za JAMMA, kuanzia 1985 watengenezaji walikubaliana meno 56 ya kuunganishia pembeni ya bodi, 28 kila upande, kila moja na kazi yake. Hapo unabadilisha bodi nzima, sio gemu ndani ya bodi. Biashara ikawa rahisi sana, na wenye gemu wakaanza kuogopa kunakiliwa. Kampuni ya Capcom kwenye bodi yao ya CPS-2 ya 1993 wakafunga programu kwa funguo za siri, funguo zikakaa kwenye memori inayolindwa na betri. Betri ikiisha funguo zimepotea na bodi imekufa, ndo maana wanaiita betri ya kujiua. Mwenye mashine hajaiba kitu, kanunua kwa hela yake, halafu gemu inakufa kwa sababu ya betri! Mimi ulinzi wa hivo siukubali hata kidogo. Nashukuru siku hizi funguo zinajulikana na bodi zinafufuliwa.

La umeme niliseme kwa nguvu maana mitumba ya Marekani na Japani ikishushwa mtu anakimbilia kuchomeka. Transfoma zao ni za volti 100 mpaka 120, hapa ukutani ni 230, utasikia mlio mmoja tu. Na bodi ya Pac-Man yenyewe inapokea umeme wa AC kutoka transfoma na kuunyoosha kuwa DC hapohapo juu yake, ndo maana meno yake mengi utayakuta yameungua meusi. Chumvi ya bahari nayo hapa Shangani inakula miguu ya chipu, ile iliyogeuka myeusi usiivute kwa kibisibisi upande mmoja, itabaki kwenye soketi. Nyanyua pande zote taratibu.

Haya nawasha hii ya mezani muone, njooni wawili wawili, vueni pete na cheni, na huku nyuma ya TV asipeleke mtu mkono hata nikishazima, kwenye kile kifuniko cha mpira juu ya kioo hupita volti 20,000 na zaidi na chaji hubaki. Kaka nisogezee ekstensheni. Mita iko kwa nani?