Mtoto Ni wa Nani?

Tukae, tuanze. Mliosimama mlangoni sogeeni mbele, viti vipo.

Nimeombwa nizungumzie hoja zinazopingana katika elimu ya umma. Mada hii kwa kawaida hufundishwa kwa jedwali: huku wanaounga mkono, kule wanaopinga. Dini shuleni, viboko, mitihani, vocha za karo (fedha za umma anazopewa mzazi alipie shule anayoichagua). Mwanafunzi anakariri pande zote mbili, anafaulu, na bado hajaelewa kwa nini watu wazima wenye akili zao hukaribia kushikana mashati kwa ajili ya shule. Leo sikuja na jedwali. Nimekuja na kesi, zote za Marekani, maana kule ugomvi wa shule huishia mahakamani na kumbukumbu zake zinabaki.

Novemba 1922, wapigakura wa jimbo la Oregon walipitisha sheria ya kuwataka watoto wa miaka 8 hadi 16, isipokuwa wachache, wasome shule za umma. Za umma tu. Isikilizeni kwanza hoja yao: mtoto wa tajiri na wa maskini, wa mwenyeji na wa mhamiaji, wakae dawati moja, wakue raia wa nchi moja. Naona vichwa vinaitikia. Hata mimi hoja hiyo inanigusa. Sasa niwaambie nani waliipigia debe: Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi, walikuwa mstari wa mbele, na walichokilenga ni shule za Wakatoliki.

(Vichwa vimeacha kuitikia ghafla. Vizuri.)

Masista waliokuwa na shule huko, pamoja na shule moja binafsi ya kijeshi, wakaenda mahakamani. Juni 1925 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaibatilisha sheria kwa kauli moja, kabla haijaanza kutumika. Jaji McReynolds akaandika kwamba mtoto si kiumbe wa dola tu. Wanaomlea wana haki ya kumwandaa kwa maisha, na haki hiyo imefungamana na wajibu.

Basi, mtasema, mzazi achague na yaishe. Twendeni Virginia. Mwaka 1954 mahakama hiyohiyo ilikataza kuwatenga wanafunzi kwa rangi katika shule za umma. Kaunti ya Prince Edward, kuliko kuwachanganya watoto, mwaka 1959 ilifunga shule zake zote za umma. Zote. Zikakaa na makufuli hadi 1964. Watoto wa kizungu walianzishiwa shule binafsi, na kwa muda wazazi wao wakapewa ruzuku ya karo kutoka fedha za umma. Watoto weusi, wachache walipelekwa kwa jamaa wa mbali wakasome. Wengi walibaki nyumbani. Kuna mtoto aliyekuwa na miaka 7 shule zilipofungwa, zikafunguliwa ana 12.

Mnaona shida yangu na jedwali? Dawati moja kwa wote ni hoja njema, na imewahi kushikwa na mikono michafu. Uhuru wa mzazi nao vilevile. Anayekwambia hoja fulani ni mbaya kwa sababu ya waliowahi kuitumia atabaki hana hoja hata moja ya kusimamia. Takwimu nazo hazimalizi ugomvi. Mpe mzazi matokeo ya hisabati ya shule za vocha, yapande au yashuke. Yeye swali lake ni wewe nani hata umlelee mwanawe.

Kesi ya mwisho ndiyo ninayoipenda. Wisconsin, baba watatu wa jamii ya Waamish, Wakristo wanaoishi kwa kujitenga na mambo ya kisasa, walikataa kuwapeleka watoto wao wa miaka 14 na 15 sekondari. Darasa la nane linatosha, walisema. Yanayofuata yatawatoa katika imani. Wakatozwa faini ya dola 5 kila mmoja. Dola 5! Shauri likapanda hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 1972 wazazi wakashinda.

Lakini Jaji Douglas hakukubaliana na wenzake kikamilifu. Alitazama ushahidi akaona kwamba katika familia zile tatu ni binti mmoja tu aliyesimama kizimbani kueleza msimamo wake mwenyewe. Kwa baba wa binti huyo, Douglas alikubali. Kwa wale wengine wawili alipinga: mnawaamulia watoto, na hakuna aliyewauliza. Huenda yumo anayetaka kupiga kinanda, akasema, au kuwa mwanaanga.

Miaka hamsini ya mabishano kati ya serikali na wazazi, na hapo ndipo mtu anageuka kumtazama mtoto, mwenye shule yake.

Haya, mdahalo. Wanaounga mkono vocha nyoosheni mikono. Asanteni. Nyinyi ndio mtakaoitetea sheria ya Oregon. Waliobaki, mtakuwa mawakili wa masista. Kila upande uchague mtu mmoja wa kusema kwa niaba ya mtoto, na huyo asishauriane na wenzake.