Ngumi Isiyo na Msiba Nyuma Yake

Mabibi na mabwana, ndugu zangu wa Kisumu mnaotengeneza filamu, wengi wenu mnaweza kuumalizia kabla yangu mhadhara huu, kwamba ngumi ya filamu inahitaji msiba nyuma yake, lakini nitautoa tena kwa sababu miswada mnayoniletea bado inaanza na mtu anayerusha teke ilhali hatujajua hata jina lake.

Chukueni Fist of Fury, filamu ya kung fu ya Hong Kong ya mwaka 1972. Hadithi yenyewe mnaijua tangu enzi za vibanda vya video, kwa hiyo nitabaki mwanzoni. Chen Zhen, aliyeigizwa na Bruce Lee, anarejea Shanghai na kukuta kwamba mwalimu wake wa kung fu amefariki na mazishi yanaendelea. Anajitupa kaburini juu ya jeneza, analia na kukataa kutoka, mpaka mwenzake mmoja hana la kufanya ila kumpiga koleo ili atulie. Pigo linalotufungulia filamu, basi, ni koleo la mazishi, nalo limetoka kwa watu wa nyumbani mwake. Kila ngumi anayoirusha baadaye tunaitazama tukilikumbuka kaburi lile, na ndiyo maana inatuuma wakati hasira yake inapowarudia wenzake shuleni nao wanauawa.

Mtaniambia kwamba watazamaji wa mtaani kwetu Kondele wanataka ngumi tu, kwa kuwa kilio kimewajaa nyumbani, na kwamba steringi, yaani shujaa wa filamu, hafi. Chen Zhen anazirukia bunduki, picha inaganda akiwa hewani, na tunasikia risasi. Je, kuna aliyedai arudishiwe pesa zake? Wenye vibanda waliozoea kupeleka mbele mkanda kila mtu alipolia ndio waliotufundisha vibaya, nami sijawasamehe.

Tena, ni nani aliyewaambia kwamba mapigano na kilio ni vitu viwili, hapa hapa katika nchi ya Wajaluo? Katika tero buru, ile desturi ya matanga ya Wajaluo, wanaume hushika mikuki, ngao na marungu, huswaga ng'ombe, wakakimbia na kupiga kelele wakikifukuza kifo kutoka bomani, yaani wanapigana na adui asiyeonekana kwa ajili ya mtu waliyempenda. Mtoto wa Bondo huenda akashuhudia hayo kabla hajaona filamu yoyote ya Hong Kong, lakini akikua na kushika kalamu ananiandikia steringi mwenye koti la ngozi, asiye na mama, asiye na boma, wala mtu wa kumlilia! Sisemi kwamba mwige matanga ya watu kwa ajili ya burudani. Nasema mwili wa mfiwa tayari unajua kupigana, na kazi yenu ni kuutazama.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi tu: The Raid, filamu ya mapigano ya Indonesia ya mwaka 2011, kwa sehemu kubwa inafanyika ndani ya jengo moja la ghorofa, na majengo hapa hayajatuishia. Kuhusu wapiganaji wanawake nilikusudia kumzungumzia Michelle Yeoh, mwigizaji wa filamu za mapigano, na pia suala la sauti, lakini mwenyekiti ananionyesha saa.

Atakayeniletea muswada mwezi ujao aweke mbele ukurasa mmoja unaoeleza steringi wake amefiwa na nani na nani walibeba jeneza. Ukurasa huo usipokuwepo, sitasoma ule wa pili.