Waifai imejaa lakini haifungui kitu: kukwepa kisanduku kibovu kwenye Linux

Assalaam aleikum. Leo nipo Mji Mkongwe, Unguja, ghorofa ya pili ya nyumba ya kale. Tazameni dirisha hili, muone unene wa ukuta: mawe na chokaa, mkono mzima mpaka kiwikoni. Waifai haipenyi hapa. Ndiyo maana zimewekwa akses pointi nne, vile visanduku vyeupe vya darini, na vyote vinatangaza jina moja.

Kimoja kati ya hivyo kilinitesa jana kutwa nzima. Laptopu inaonyesha mawimbi yamejaa, nywila imekubali, lakini hakuna ukurasa unaofunguka. Nikisogea ngazini, inafunguka. Nikirudi kitini, kimya. Jamani, laptopu inavutiwa na mawimbi makali tu. Kama kisanduku ni kizima au kigonjwa, haijui. Kukitambua ni kazi yako.

Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, andika hivi:

nmcli -f IN-USE,BSSID,SSID,CHAN,SIGNAL device wifi list --rescan yes

Mnaona? Jina ni lile lile, ila safu ya BSSID kila mstari una yake. Hiyo ndiyo anwani ya kisanduku, na chenye nyota ndicho ulichokishika sasa. Angalia pia chaneli, kwa sababu kisanduku kimoja aghalabu hutokea mara mbili, anwani zikipishana herufi chache tu: chaneli 1 hadi 13 ni gigahezi 2.4, na 36 kwenda juu ni gigahezi 5.

Sasa tukipime. Andika ip route, usome namba inayofuata baada ya "default via"; hiyo ndiyo anwani ya ruta. Yangu ni 192.168.1.1. Halafu:

ping -c 20 192.168.1.1

Hapa nakuombeni msiende mbio. Wengi hupima tovuti ya nje, ikikwama wanailaumu kampuni ya intaneti. Anza na ruta ya humu humu ndani. Haya, tazameni: pakiti 20, yaani vijumbe vya majaribio, zimetoka, zimerudi 9. Na kisanduku hiki, kwenye safu ya SIGNAL, kinasoma nguvu 92! Sasa nakwenda ngazini, nahakikisha nyota imehamia kwenye anwani nyengine, napima tena. Zote 20 zimerudi, na nguvu ni 54 tu. Basi mimi nachukua hiyo 54 iliyotulia.

Nakili anwani ya kile kizima. Andika nmcli connection show upate jina la muunganisho wako, kisha uufunge kwenye anwani hiyo, ukiweka jina na anwani yako badala ya hizi:

nmcli connection modify "Nyumbani" 802-11-wireless.bssid AA:BB:CC:11:22:33
nmcli connection up "Nyumbani"

Usiyependa terminali, kwenye Ubuntu ingia mipangilio ya waifai, bonyeza gurudumu lililo pembeni ya jina, ukurasa wa Identity, na uchague anwani penye BSSID.

Mtakutana na kipengele kinaitwa mac-address-blacklist (kwenye matoleo mapya mac-address-denylist), mkadhani ndicho cha kukatalia kisanduku. Sicho. Kile kinahusu kadi za waifai za kompyuta yako mwenyewe. Anayetumia wpa_supplicant peke yake, ile programu inayoishikisha kompyuta na waifai, bila NetworkManager, yaani programu tunayoiamuru kwa nmcli, ndiye anayeweza kukikataa kimoja na kuviacha vyengine: kwenye faili lake la mipangilio, ndani ya fungu la network, aongeze mstari wa bssid_ignore= na anwani ya kile kibovu. Kabla ya toleo 2.10 mstari huo uliitwa bssid_blacklist.

Ukishaufunga muunganisho, laptopu haitahama tena. Ukiteremka uani ambako kisanduku ulichokichagua hakifiki, itakatika hata kama kuna chengine juu ya kichwa chako. Kuufungua, rudia amri zile mbili, ya kwanza ukiacha anwani tupu:

nmcli connection modify "Nyumbani" 802-11-wireless.bssid ""
nmcli connection up "Nyumbani"

Na ile anwani ya kisanduku kigonjwa mwandikie msimamizi wa jengo kwenye karatasi, pamoja na matokeo ya ping, maana ukimwambia "waifai mbovu" atazima ruta na kuiwasha, na kile cha darini kitabaki vile vile.