Stauti Tamu Wakati wa Kipupwe: Namna ya Kuonja na Kutoa Hukumu

Mhadhara huu ulitolewa Tabora mjini kwa wahudumu wa baa, wanafunzi wa hoteli na watengenezaji wa wanzuki, yaani pombe ya asali.

Mwangaluka! Wazee wangu, shikamooni. Vijana, karibuni mbele, viti vipo.

Najua baadhi yenu mmeshangaa kuitwa kwenye mambo ya bia saa nne asubuhi. Saa hii imechaguliwa makusudi. Asubuhi ulimi bado haujachoshwa na chumvi, pilipili na sigara, na njaa haijawa kali kiasi cha kukufanya upende kila kinachopita kinywani. Ndiyo maana niliomba msinywe chai ya tangawizi wala kujipulizia manukato. Mezani kuna maji na mkate mkavu, vya kusafisha kinywa kati ya glasi na glasi. Kila mtu atapata kiasi kidogo, kama vijiko vinne vya chakula, kwa sababu anayelewa hawezi kuhukumu. Waliokuja na pikipiki wanuse tu. Wenzetu wasiokunywa pombe hatukuwasahau: tumewawekea shayiri iliyokaangwa hadi kuwa nyeusi, pamoja na kahawa ya Kalinzi, kutoka kwa jirani zetu wa Kigoma. Robo tatu ya kazi ya jaji hufanywa na pua, na pua haivunji dini ya mtu.

Bia tunayoonja leo, stauti, ni bia nyeusi ambayo asili yake ni London. Katika karne ya 18 wachukuzi na vibarua wa mji ule walikunywa bia ya kahawia nzito iliyoitwa porter, na ile kali zaidi ikaitwa stout porter. Baadaye neno la pili likaachwa, ikabaki stout, nasi tunasema stauti. Rangi yake tunayoijua ilikuja baada ya mwaka 1817, Daniel Wheeler alipopata hataza ya pipa la chuma la kukaangia kimea, yaani shayiri iliyooteshwa na kukaushwa, hadi kiwe cheusi bila kuungua na kuwa majivu. Tangu hapo mtengenezaji alihitaji kiasi kidogo tu cha kimea cheusi ili kupata rangi na uchungu wa kahawa. Historia ni ndefu, lakini leo tunahitaji hicho tu.

Sasa utamu. Hapa naomba tukae, maana hapa ndipo watu wa Tabora mnaweza kuelewa haraka kuliko wasikilizaji wa mahali pengine popote.

Akina mama wanaopika wanzuki wanajua jambo hili vizuri. Unachanganya asali ya miombo na maji, unatia hamira. Siku ya kwanza ni tamu, mtoto angeweza kuililia. Kadiri siku zinavyokwenda utamu unapungua na ukali unapanda, mpaka asali inabaki harufu tu. Hamira imeila sukari yote na kuigeuza kilevi na gesi. Ndivyo ilivyo kwa sukari ya miwa pia. Mtu akidhani atapata bia tamu kwa kumwaga kilo za sukari au asali kwenye pipa kabla haijachachuka, atapata kinyume chake: bia kali zaidi, nyepesi zaidi, na kavu zaidi.

Basi utamu wa stauti tamu unabakije? Kuna njia mbili, na mara nyingi hutumika pamoja. Ya kwanza iko kwenye kimea chenyewe. Kimea kikilowekwa kwenye maji ya nyuzi joto 68 hivi badala ya 63, hutoa sukari nyingi za minyororo mirefu ambazo hamira haiwezi kuzikata. Hizo hubaki na kuipa bia uzito. Ya pili ni laktosi, yaani sukari ya maziwa. Hamira ya bia haina kimeng'enya cha kuivunja, kwa hiyo inaipita kama haipo. Mwanzoni mwa karne ya 20 kiwanda cha Mackeson katika mji wa Hythe, Kent, kilianza kuuza stauti yenye laktosi, ikatangazwa kama kinywaji cha kutia nguvu. Watu wakadhani wanakunywa maziwa ndani ya bia, na baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Uingereza ikawazuia watengenezaji kuandika neno maziwa kwenye chupa. Afrika Kusini jina hilo limeendelea, na baadhi yenu mmewahi kuiona Castle Milk Stout kwenye friji za baa.

Niseme jambo moja la afya, na wahudumu walishike. Watu wazima wengi, hasa hapa Afrika na kule Asia, matumbo yao hayameng'enyi laktosi. Mteja akikuuliza kuna nini ndani ya bia hii, mwambie. Jaji naye ana haki ya kuambiwa kabla ya kuonja.

Laktosi si tamu sana, karibu moja ya tano ya utamu wa sukari ya mezani. Kazi yake kubwa ni unene mdomoni, ule ulaini unaoteleza. Kwa hiyo stauti tamu nzuri haikupigi na sukari. Na hapa nafika kwenye jambo ambalo ningependa mwondoke nalo hata mkisahau mengine yote: usihukumu utamu peke yake, hukumu kinachoushikilia. Nyuma ya utamu lazima kuwe na uchungu wa kukaangwa, uchungu kidogo wa hopsi, yale maua yanayotiwa kwenye bia, na gesi ya kutosha kuosha ulimi. Utamu ukikosa kitu cha kuegemea, glasi ya kwanza inapendeza, ya pili inachosha, ya tatu hakuna anayeitaka. Mnunuzi mzoefu wa asali hufanya hivyohivyo sokoni: kila asali ni tamu, kwa hiyo utamu haumwambii chochote. Anatafuta harufu ya ua, anatafuta moshi wa mrinaji mzembe, anasubiri kooni.

Tuje kwenye glasi. Mnisikilize hapa wahudumu, kwa sababu bia nyingi huharibiwa baani na si kiwandani. Glasi iliyooshwa kwa sabuni isiyosuuzwa vizuri huua povu. Mafuta ya samaki au ya midomo huliua pia. Stauti iliyomiminwa vizuri huwa na povu la rangi ya kahawia hafifu, linalokaa. Inua glasi kwenye dirisha: pembeni utaona wekundu wa rangi ya damu ya mzee, maana bia hii kwa kweli si nyeusi tii.

Kisha joto. Friji zetu zinawekwa karibu na nyuzi 4 kwa sababu mteja anataka ya baridi, na kwa bia nyepesi katika jua la Oktoba simlaumu. Lakini baridi hiyo inautia ulimi ganzi, inaficha utamu, na inaficha kasoro pia. Stauti tamu ionjwe kwenye nyuzi 10 hadi 13. Kipupwe kinatusaidia. Usiku wa Juni na Julai hapa Tabora joto huweza kushuka karibu na nyuzi 15, na chupa iliyolala nje kwenye kibaraza asubuhi haihitaji friji kwa muda mrefu. Wazungu huita bia hizi za majira ya baridi wakifikiria theluji ya Desemba. Sisi tuna kipupwe chetu, na kinatosha kabisa. Kama glasi bado ni baridi mno, ishikeni kwa viganja viwili na kusubiri.

Nuseni kabla ya kunywa, tena mapema, maana harufu nyingine hupotea ndani ya dakika moja. Mnaipata kahawa? Kakao? Mkate uliobabuka? Hizo ni zake. Sasa tafuteni zisizo zake. Harufu ya siagi au bisi zilizopakwa siagi ni dalili kwamba hamira haikumaliza kazi. Kwa aina hii, kidogo sana inavumilika, nyingi ni kosa. Mahindi ya kuchemsha ni kosa la uchemshaji. Tufaha bichi, bia imetolewa mapema. Siki, kuna uchafu umeingia.

Ila kasoro ninayokutana nayo zaidi huku bara ni ya uzee na joto. Bia imesafiri kwa lori au kwa reli, kreti zimekaa juani nje ya duka, na oksijeni kidogo iliyobaki chupani imefanya kazi yake. Bia nyepesi ikichakaa hivyo hunukia karatasi ya boksi lililolowa. Stauti ni mjanja zaidi, ukaangaji wake unafunika, na mara nyingi inageuka kuelekea mchuzi wa soya. Mnywaji wa kawaida atasema ina ladha nzito. Jaji lazima aijue, na mwenye duka lazima asogeze kreti zake kivulini.

Sasa onjeni. Iache ipite ulimi wote, halafu meza. Majaji wa mvinyo hutema, sisi tunameza, kwa sababu uchungu wa bia unajionyesha mwisho, nyuma ya ulimi na kooni. Hesabu moyoni mpaka kumi. Utamu unakuja kwanza, sawa. Nini kinafuata? Ukiona uchungu safi wa kahawa unapanda polepole na kuufuta utamu, hiyo ni kazi nzuri. Ukiona ukakasi, yaani mdomo unajikunja kama umekula zambarau ambayo haijaiva, basi kimea cheusi kimezidi au kimelowekwa vibaya. Msichanganye viwili hivyo. Uchungu ni ladha, ukakasi ni mguso, na kwenye karatasi vinaandikwa sehemu tofauti.

Karatasi mliyopewa inafuata mpangilio wa BJCP, mpango wa majaji wa bia ulioanzishwa Marekani mwaka 1985. Jumla ni alama 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, mguso wa mdomoni 5, na mtazamo wa jumla 10. Tazameni hiyo 3 ya mwonekano. Bia nzuri machoni isiyo na kitu ndani haiwezi kukuhadaa, karatasi imekukinga. Bia inafika mbele yako ikiwa na namba tu, bila jina wala chupa. Hakuna kuongea wala kukunja uso mpaka kila mmoja awe ameandika, kwa sababu mzee mwenye heshima akisema nzuri, meza nzima itasema nzuri.

Na hukumu inatolewa kwa kulinganisha bia na aina yake. Stauti tamu ya kawaida ina kilevi cha asilimia 4 hadi 6. Zile kubwa za majira ya baridi, zinazotokana na stauti iliyopelekwa kutoka London hadi Urusi enzi za Malkia Catherine, hufika asilimia 8 hadi 12, na joto la kilevi kifuani ni sehemu yake. Joto hilohilo kwenye stauti tamu ya asilimia 5 ni kosa. Hata kama wewe binafsi hupendi bia nyeusi, unaweza kuipa 40. Na unayoipenda kuliko zote unaweza kuipa 22, ukiwa mwaminifu.

Kuna mama ameuliza hapa mbele kama wanzuki nayo inaweza kuhukumiwa hivi. Inaweza, mama, na ningependa sana iwe hivyo. Kwanza ninyi wapishi mkae pamoja mkubaliane: wanzuki ya siku ya pili inapaswa kuwaje, ya siku ya nne inapaswa kuwaje, asali isikike kiasi gani, uchachu uanzie wapi kuwa kosa. Stauti ina viwango kwa sababu watengenezaji wake waliandika walichokuwa wanakijua. Ninyi mnakijua, ila hakijaandikwa. Mkiandika, nitakuja na kalamu, nitakaa kwenye kiti cha mwanafunzi, na ninyi ndio mtakaonifundisha ipi ni ipi.

Glasi yenye namba 3 inapita sasa. Msimwandikie aliyeitengeneza kwamba ni nzuri au ni mbaya, halimsaidii hilo. Mwandikieni mlichonusa, mlichoonja, na kitu kimoja cha kurekebisha kwenye pipa lijalo.